Kamera za bei ya chini: mnunuzi apewe kipimo



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya kamera za bei ya chini ambazo wauzaji wa Kariakoo huzitangaza mitandaoni. Sisi wa vijijini tunaona picha kwenye simu, tunatuma fedha, mzigo unaletwa na basi. Wala si anasa. Kijana akiwa na kamera hupiga picha za harusi na mahafali ya darasa la saba akapata riziki.

Tatizo ni neno "orijino". Ukipita Mtaa wa Aggrey au Msimbazi utalisikia kila mlango, na maana zake ni nyingi. Ipo kamera mpya ya kiwanda chenyewe. Ipo ya kiwanda hicho hicho iliyokwisha tumika, ikasafishwa na kutiwa katika boksi jipya. Na ipo bandia tupu: boksi limeandikwa megapikseli 48, kumbe kipande cha ndani kinachonasa picha ni hafifu, na picha inavutwa tu ionekane kubwa. Ile ya pili haina ubaya, mradi mnunuzi ameambiwa. Kadi za kumbukumbu ndizo hatari zaidi. Kadi bandia yaweza kuandikwa GB 128 na ikabeba GB 8 tu; hata kompyuta inadanganyika. Picha za bibi harusi zinapotea, mpiga picha anadaiwa fedha za watu.

Wapo wanaosema mnunuzi ajihadhari mwenyewe, kwani rahisi ni ghali. Mimi sikubaliani nao. Kabla ya TCRA kuzima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni, 2016, kila mwananchi alielekezwa abonyeze *#06#, apate namba ya tarakimu 15, aitume kwenda 15090, na ajibiwe simu yake ni ya aina gani. Bibi wa kijijini alikuwa na kipimo kile kile cha mfanyabiashara.

Kamera haiwezi kuzimwa kama simu. Lakini nayo ina namba yake ya kiwandani, aghalabu upande wa chini. Kwa nini Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, isiwatake wauzaji wa mitandaoni waitaje namba hiyo, na waseme kama kamera ni mpya au imetumika, kabla ya kupokea fedha? Kisha namba iandikwe kwenye risiti ya EFD. Najua namba nayo huigwa. Ila kamera kumi zikikutwa na namba moja, huo ni ushahidi. Leo mlalamikaji huwa na picha ya boksi tu, na akaunti ya muuzaji imekwisha badilishwa jina.

Ningefurahi Tume ikinijibu kupitia ukurasa huu huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkuranga.