Punia: Mshahara usikatwe bila karatasi

Mfanyakazi wa Punia anapokea mshahara, anahesabu, pesa imepunguka. Akiuliza, jibu ni: «Ni kodi ya Serikali.» Karatasi hakuna.

Ni kweli, mwajiri anapaswa kukata kodi ya mshahara na kuilipa DGI mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Anakata pia 5% ya CNSS, naye anaongeza 13% kutoka mfuko wake. Lakini Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha kumpa mfanyakazi hesabu kwa maandishi kila anapomlipa.

Aliyekimbia vita anaijua thamani ya karatasi. Akihama tena, au akizeeka, hiyo ndiyo itamsaidia kuonyesha kwamba alichangia pensheni. Wazazi, dada na kaka, iombeni, muitunze. Kulipa kodi ni wajibu. Kuonyeshwa hesabu ni haki.