Tusitegemee cha ndugu katika utafiti wa tabianchi

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifunza Jiografia katika shule moja ya upili mashambani, nilikabidhiwa daftari la mvua. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alikwenda kwenye kipimamvua nyuma ya maabara, akapima maji, akaandika. Mwisho wa mwezi takwimu zilitumwa Nairobi. Siku moja chupa ya kupimia ilivunjika. Niliomba nyingine, nikajibiwa kwamba hakuna fungu la fedha kwa jambo hilo. Kurasa zilibaki tupu hadi nilipohamishwa. Mvua iliyonyesha miaka hiyo haitapimwa tena abadan, hata tukijaliwa fedha za kiasi gani.

Kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna swali kubwa ambalo yafaa walimu na wanafunzi walitafakari: ni nani anayeamua kiasi cha fedha ambacho serikali itatenga kwa utafiti wa tabianchi, na anaamua kwa kigezo gani?

Katika maandishi, jibu linapendeza. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza kwamba itengewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la jumla la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kukaribiwa, sembuse kufikiwa. Sheria husema lake, na bajeti husema lake.

Uamuzi wenyewe hufanyika kwa hatua ambazo wananchi wachache huzifuata. Kufikia Agosti 30, Wizara ya Fedha hutoa waraka wa kuanzisha matayarisho ya bajeti. Wizara mbalimbali hukutana katika makundi ya sekta na kushindania mgao. Kufikia Februari 15, taarifa ya sera ya bajeti hupelekwa Bungeni ikiwa na viwango ambavyo kila wizara haipaswi kuvipita. Makadirio kamili hufika Bungeni kufikia Aprili 30, na kamati husikiliza maoni ya umma. Kwa hakika, wakati mwananchi anapoitwa kusema, viwango vimekwisha kuwekwa.

Hapo ndipo utafiti wa tabianchi unapopotelea. Idara ya utabiri wa hali ya hewa imo katika wizara ya mazingira. Vyuo vikuu na Hazina ya Utafiti vimo katika sekta ya elimu. Watafiti wa mbegu zinazostahimili ukame wamo katika kilimo. Kila mmoja huenda kuomba peke yake, mbele ya washindani wenye sauti kubwa zaidi, na hakuna mahali pamoja ambapo Mkenya anaweza kusoma jumla ya kile taifa linachotumia kuielewa mvua yake. Isitoshe, bajeti ya ziada inapokuja na fedha zikapungua, ni rahisi kukata utafiti, kwa kuwa aliyekosa utafiti hajui alichokosa, na hawezi kuandamana.

Najua nitakaloambiwa. Nitaambiwa kwamba kuna mishahara ya walimu, dawa hospitalini na madeni ya kulipwa. Ni kweli, nami sitamani mwalimu yeyote akose mshahara. Lakini tuhesabu pande zote mbili. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo ikaangamia kaskazini. Mwaka 2024 mafuriko yaliua watu, yakabomoa makazi na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Gharama hizo nazo zililipwa, na zililipwa na wale wasiokuwa nacho.

Wengine husema wafadhili watatusaidia. Ni kweli wametusaidia. Kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, ambacho mwaka 2022 kilitahadharisha mapema kwamba msimu wa tano ungekosa mvua, kilianzishwa Nairobi mwaka 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mnamo Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, mtandao wa FEWS NET, uliokuwa ukitoa tahadhari za njaa tangu 1985, ulizimwa kwa miezi kadhaa. Hakuna Mkenya aliyeulizwa, wala hapakuwa na sababu ya kumwuliza, kwani fedha hazikuwa zake.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, Wizara ya Fedha ichapishe kila mwaka jedwali moja la fedha zote za utafiti wa tabianchi: zilizoombwa, zilizotengwa na zilizotolewa, pamoja na sababu za tofauti. Pili, fedha za vipimo vya kila siku zilindwe dhidi ya mkasi wa bajeti ya ziada, kwa sababu barabara iliyocheleweshwa hujengwa mwakani, lakini siku isiyopimwa imekwenda. Tatu, Bunge lieleze ni lini na kwa hatua zipi asilimia 2 itafikiwa. Na kama haiwezekani, liirekebishe sheria kwa ukweli badala ya kuiacha iwe pambo.

Nasi walimu tusisubiri. Katiba, katika kifungu cha 201, inataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Tuwafunze wanafunzi kusoma makadirio ya bajeti kama tunavyowafunza kusoma ramani, na vikao vya maoni vinapoitishwa, tuhudhurie tukiwa na maswali. Chupa ya kipimamvua si kitu cha bei. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kuuliza kwa nini haikununuliwa.