Jina Lisiloonekana Orodhani

Yupo lindoni tangu mwaka jana, lakini katika orodha ya posho jina lake halimo. Mamaye kijijini anangoja fedha. Lawama humwangukia karani aliyemwandikisha, naye mara nyingi hana kosa.

Kanzidata ya uhusiano, ambayo misingi yake ilitolewa na Edgar Codd mwaka 1970, hugawa habari katika majedwali: askari katika moja, watoto wao katika jingine, na namba ya askari huyafunga pamoja. Aamuruye yaunganishwe kwa neno JOIN peke yake hupewa wale tu wanaoonekana pande zote mbili. Kijana asiye na mtoto hana mstari katika jedwali la pili. Huachwa nje kimya kimya, wala kompyuta haitoi onyo, kwani imetii ilivyoamriwa. Dawa ni LEFT JOIN, jedwali la askari likitangulia. Hapo wote hubaki, na penye upungufu huonekana NULL.

Hiyo NULL si sifuri; maana yake ni kwamba hapana habari. Awatafutaye wasio na watoto kwa = NULL hatapata hata mmoja; aandike IS NULL.

Hatari nyingine huiangukia hazina. Mwenye watoto watatu hutokea mara tatu, na posho yake ikijumlishwa hapo huwa mara tatu vilevile. Posho na zijumlishwe kabla ya kuunganisha. Kisha, kabla ya orodha kutiwa sahihi, namba za askari zihesabiwe katika jedwali lao na katika orodha, kila moja mara moja tu.