Sare ya Harusi na Sare ya Skuli



Disemba iliyopita tulivuka kwenda Kibaha kwenye harusi ya mtoto wa dada yetu. Boti ya asubuhi, kisha daladala mpaka Mbezi, na pale kituo cha mabasi cha Magufuli tukapanda gari jengine la kwenda mbele. Tulipofika, jua lilikuwa kali na nyumba imejaa watu. Tukaambiwa mizigo tukaiweke chumba cha ndani.

Kando ya kitanda yalikuwepo masanduku mawili. La kwanza begi kubwa jipya, la magurudumu, la bi harusi. Mashaallah, lilikuwa limejaa: doti za kanga zimefungwa utepe, mashuka, vitenge, viatu, udi na marashi. La pili lilikuwa tranka la bati, limeachwa wazi. Ndani mna madaftari manne na sabuni mche mmoja. Tukauliza hili la nani. Tukajibiwa ni la mdogo wake bi harusi, amefaulu darasa la saba na amepangiwa bweni upande wa Kisarawe, anaanza kidato cha kwanza Januari.

"Mbona tupu?"

Mama yake akacheka, akasema, "Tumalize hili la harusi kwanza, dada. Hilo jengine Mungu atajaalia."

Na sisi tuliouliza swali hilo tulikuwa tumebeba kwenye mikoba yetu sare tatu kila mmoja: ya kichen pati, ya nikaha na ya walima. Tulizinunua kwa bei ambayo tukiitaja hapa waume zetu watatuuliza. Kwa hiyo tunalolisema leo tunajisemea na nafsi zetu pia.

Tunaona kwamba mtoto wa kike hapotei skuli wakati skuli imefunguliwa. Anapotea likizo, katika wiki chache baina ya kufunga mwaka na kuanza mwengine, na likizo ile mwenye nayo ni sisi wanawake wenye shughuli.

Tizameni kalenda ilivyo. Kule Bara darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na Disemba skuli zote zimefungwa. Walimu wako nyumbani, watoto wako nyumbani, jamaa wa mbali wamepata ruhusa, basi kila mtu anaona huo ndio wakati wa harusi. Miaka hii limeongezeka jengine. Ramadhani imerudi nyuma mpaka Februari na Machi, kwa hivyo Rajab na Shaaban zinaangukia Disemba, Januari na mwanzo wa Februari. Kila anayetaka kuoa kabla ya mwezi mtukufu anakimbilia humo humo. Na Kisarawe ndio msimu wa korosho, mkulima aliyeuza ana chochote mkononi. Pesa ya mwaka mzima inakutana na shughuli za mwaka mzima, na tranka linasubiri upande wa ukuta.

Watu husema skuli siku hizi ni bure. Ni kweli ada iliondolewa katika skuli za serikali, kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Lakini ada haishoni sketi. Haimnunulii mtoto godoro, ndoo, mashuka, viatu vyeusi, madaftari, wala nauli ya gari. Hizo zote anazitoa mzazi, na zote zinatakiwa kwa wiki moja, ile ya kwanza ya Januari, ambayo mfuko umeshakauka kwa pilau.

Tena Kibaha na Kisarawe si mahali pa kusema hapana skuli. Kibaha ina Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa serikali mwaka 1970, likipigana na wale maadui watatu waliokuwa wakiimbwa kila siku: ujinga, maradhi na umaskini. Ndani yake iko sekondari ya wavulana inayojulikana nchi nzima, na iko Kibaha Wasichana. Kisarawe ina Minaki, na hii ina nasaba na kisiwa chetu, maana chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari kilikuwa hapa hapa Kiungani, Unguja, kabla ya kuhamishiwa Minaki mwaka 1925. Wengi wetu tumepita Kiungani mara ngapi na hatujui. Na juzi tu, Bi Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe kati ya 2018 na 2021, aliendesha kampeni ya Tokomeza Zero ili watoto wasipate sifuri kwenye mitihani, na ikajengwa sekondari ya wasichana yenye jina lake. Majengo yapo. Walimu, hata kama hawatoshi, wapo. Likizo tu ndiyo isiyokuwa na mwalimu wa zamu.

Tuje kwenye mila, na hapa tunaomba tusikizane bila ya kutukanana. Wazaramo wa Pwani wana mila ya mwali: msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa, kisha akatolewa kwa ngoma na sherehe. Zamani alikaa ndani miezi mingi. Sasa wengi wanaifupisha iingie kwenye likizo, na hilo ni jambo jema, maana limefanywa na bibi na makungwi wenyewe kwa kuona kwamba mtoto ana skuli. Sisi wa visiwani hatuna ubavu wa kuwacheka, sote tumepita mikononi mwa somo. Na mafunzo yenyewe yana faida: usafi, heshima, kujihifadhi. Tatizo letu ni lile linalokuja baada ya ngoma. Mwali ametolewa, amependeza, ukumbi mzima umemuona, na kabla ya Januari kuna mtu ametuma mshenga. Wanaomtazama wanaona amekuwa, wanasahau kwamba ana nafasi yake darasani na jina lake limo kwenye daftari la mwalimu.

Lakini msichana tunayemuogopea kuliko wote ni wa kidato cha nne. Huyu amefanya mtihani Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Akifaulu, kidato cha tano huanza Julai. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya nusu mwaka amekaa nyumbani, anapika, analea wadogo zake, na kila mgeni anayeingia anauliza, "Huyu bado yupo tu?" Posa inakuja, na jibu linalotolewa ni kwamba ameshamaliza skuli. Jamani, hajamaliza. Anasubiri. Mtu aliyekaa kituoni anasubiri gari humwambii kwamba safari imekwisha.

Wanaoijua sheria ya Bara watasema imekaza, na kweli imekaza. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haifiki huku Zanzibar, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Bi Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaipitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Na Novemba 2021 serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliojifungua warudi darasani. Lakini hakimu hayupo chumba cha ndani wakati mashangazi wanakaa na kukubaliana. Tupo sisi.

Wako watakaosema tunaizuia ndoa, na ndoa ni sunna. Hatuizuii, tunaipenda, na nusu ya mazungumzo yetu ni hina na maua ya asumini. Tunachosema ni kwamba dini yenyewe imempa mwanamke njia. Bi harusi anaweza kuweka sharti katika nikaha, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Msichana mzima, mwenye umri wake, aliyeridhia kuolewa na bado anasoma, aseme mapema mbele ya walii na mashahidi kwamba atarudi darasani au chuoni. Liandikwe. Muulizeni sheikh wenu namna ya kuliandika, asije mtu baada ya fungate akasema hakuambiwa. Tumeona mabwana wengi wema waliolikubali sharti hili bila ya kukunja uso. Tumeona pia waliokasirika, na tukamshukuru Mungu kwamba wamekasirika kabla ya nikaha.

Na kwa bi harusi ambaye ni mwalimu, na hawa ni wengi maana Disemba ndio likizo yao, swali ni jengine. Unaolewa Unguja, kituo chako cha kazi kiko Kisarawe ndani ndani, na Januari watoto watakuwepo darasani wakikusubiri. Zungumzeni jambo hili wakati wa uchumba, pamoja na mahari. Tunamjua mmoja aliyesema "tutaona mbele ya safari", na darasa lake likakaa bila ya mwalimu mpaka Machi, wakati uhamisho ukizunguka ofisini. Wale watoto hawakualikwa harusini lakini wao ndio walioilipia.

Turudi kwenye lile tranka. Usiku wa singo tulimwambia bi harusi, kwa aibu kidogo, tulichokiona. Alinyamaza. Kisha akafungua begi lake, akatoa jozi moja ya mashuka na doti mbili za kanga, akazitia kwenye tranka la mdogo wake mwenyewe, bila ya kuita mtu. Tulilia, tusiseme uongo. Lakini mashuka si godoro. Pesa ya godoro na ya fundi haikupatikana mpaka harusi ikaisha na madeni ya jiko yakalipwa, na fundi naye Januari ana foleni ya mtaa mzima. Mtoto aliripoti skuli siku nane baada ya wenzake. Mwanzo ule una mambo mengi: kupangiwa kitanda, kujuana na wenzio, masomo ya mwanzo kwa Kiingereza ambayo mtoto aliyetoka skuli ya Kiswahili ndipo anapojikwaa. Aliyakosa yote hayo kwa sababu mashangazi zake walikuwa na sare tatu kila mmoja. Tulikaa tukapiga hesabu: sare moja moja tu kwa kila mmoja wetu ingetosha godoro, ndoo na mshono.

Ndipo tukakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Harusi ya Disemba ikiwa kwenye nyumba yenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza, tutavaa sare moja, na mchango wa zile nyengine utakwenda kwa mama yake mkononi, kabla ya kadi ya mchango wa ukumbi. Bi harusi mtarajiwa unayesoma hapa, una nguvu kuliko sisi katika hili. Ukisema wewe kwamba sare ni kanga yoyote mtu aliyonayo kabatini, hakuna shangazi atakayebisha, maana siku ni yako.

Na msisubiri fomu ya kujiunga. Fomu inakuja baadaye na ina mambo yake, rangi ya sketi, rangi na kipimo cha ushungi, pengine jembe au fagio, hayo yasubiri. Lakini hakuna bweni lisilotaka ndoo, mashuka, viatu, madaftari na nguo za ndani. Hivyo vinunueni tangu matokeo ya darasa la saba yanapotoka, kidogo kidogo. Mtieni na msahafu mdogo, kanga ya kusalia, taulo za kike za kutosha, na tende zilizofungwa vizuri, kwa sababu miaka hii Ramadhani inamkuta mtoto katika muhula wa kwanza, mgeni, mbali na mama yake. Ulizeni mapema skuli inapangaje daku na futari kwa wanaofunga. Mtoto mwenyewe ataona haya kuuliza.

Disemba hii tuna harusi tena, safari hii Kisarawe kwenyewe. Bi harusi ni mwalimu, anafundisha huko huko, na mdogo wake amefaulu darasa la saba. Tulipompigia simu kuuliza sare ya rangi gani, akatujibu njooni na kanga zenu za zamani, mimi nataka godoro futi mbili na nusu kwa sita. Tumeshalilipia. Liko dukani Gongo la Mboto, limeandikwa jina la mtoto, tutalichukua tukiwa njiani.