MAGOFU AU VIJIJI VYA PWANI? Maoni Juu ya Kuchagua Safari ya Mafunzo

Katika shule za msingi za Nachingwea na Ruangwa, kila inapotajwa safari ya mafunzo ya kwenda pwani, swali moja huzuka miongoni mwa walimu. Je, watoto wapelekwe Kilwa kutazama magofu ya kale, au wapelekwe kwenye vijiji vya wavuvi vilivyo karibu na Lindi, kama vile Kitunda na Mchinga, penye minazi, mashua na ufuko wa kupendeza? Mara nyingi swali hili huamuliwa kwa sababu zisizo za kielimu. Wengine huchagua magofu kwa kuwa yana jina kubwa. Wengine huchagua kijiji kwa kuwa ni karibu na watoto watapata kuoga baharini. Sisi twaona kwamba jambo hili lastahili kufikiriwa kwa makini zaidi, na twaliweka mbele yenu, walimu wanafunzi, kwa kuwa kesho ninyi ndio mtakaokaa katika kikao cha walimu na kutoa uamuzi.

Yafaa kwanza tutambue uzito wake. Mtoto wa Naipanga au wa Mnacho aweza kumaliza elimu ya msingi akiwa ameiona bahari mara moja tu. Wazazi wake wamechanga nauli kutokana na fedha ya korosho au ya ufuta. Siku hiyo moja itamfundisha jambo fulani juu ya nchi yake na juu yake mwenyewe, mwalimu apende asipende. Kinachotupasa kuuliza ni jambo gani hilo.

Na tuanze na magofu. Kilwa Kisiwani ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara katika Bahari ya Hindi. Dhahabu ya kusini iliyopitia Sofala iliuneemesha mji huo, na sarafu ya shaba iliyopigwa Kilwa imefukuliwa mbali kabisa, huko Great Zimbabwe. Msafiri Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye alijenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji na kuupora. Msikiti Mkuu, pamoja na kuba zake, wasimama hata leo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Hakuna kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili kiwezacho kumpa mtoto yale atakayoyapata kwa kusimama chini ya kuba moja la msikiti ule.

Hata hivyo, magofu yana hatari yake. Ukuta haujielezi wenyewe. Mtoto akiletwa mbele yake bila matayarisho, atasikiliza hotuba ndefu juani, atanakili tarehe chache, kisha atarudi nyumbani na fikra moja: kwamba wageni walikuja kwa merikebu, wakajenga mji, wakaondoka. Fikra hiyo ni potofu, nasi twaamini kuwa madhara yake ni makubwa kuliko kutokwenda kabisa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekwisha kuonyesha kwamba miji hii ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji wa pwani, waliokuwa wakivua, wakilima na kufua chuma kabla ya kujenga kwa mawe. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara ikiwa miongoni mwayo. Walikuta kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili iliyochanganyika: kwa upande wa akina mama, zaidi ya Kiafrika, kwa upande wa akina baba, wengi kutoka Asia, hasa Uajemi. Wageni walifika, wakaoa, wakawa wenyeji. Nyumba waliyoingia ilikuwa na wenyewe.

Sasa tutazame vijiji. Katika kijiji cha pwani mtoto wa bara hukuta kazi zikitendeka mbele ya macho yake. Huona nyavu zikitengenezwa, dema likisukwa, ngalawa ikipakwa mafuta, chumvi ikikauka katika mashamba yake, na mwani ukifungwa kwenye kamba wakati maji yamekupwa. Hapo masomo yote hukutana. Jiografia na Mazingira imo katika kusi na kaskazi. Sayansi imo katika kujaa na kupwa kwa maji. Hisabati imo katika bei ya samaki kutoka ufukoni hadi soko la Nachingwea. Isitoshe, kijiji kina watu wa kujibu maswali, na mtoto huuliza kwa urahisi zaidi anapomwona anayemjibu akifanya kazi.

Lakini kijiji nacho kina hatari yake, na jina lake ni uzuri. Mwalimu akivutiwa na minazi na mchanga, safari hugeuka kuwa matembezi ya starehe. Vibaya zaidi, watoto huanza kuwatazama wanakijiji kama watazamavyo picha ukutani: huyu ana tanga la viraka, nyumba ile ni ya makuti, basi inapendeza. Umaskini wa mtu si mandhari. Mvuvi anayevuta wavu ni mfanyakazi kama mzazi wa mtoto apuliziaye mikorosho dawa, na apaswa kuamkiwa, kuombwa ruhusa na kusikilizwa.

Kwa hiyo basi, maoni yetu ni haya. Kwanza, kwa madarasa ya chini, kijiji kitangulie. Kijiji ni kamusi ya magofu. Mtoto aliyeona chokaa na matumbawe katika ukuta wa nyumba ya kawaida, aliyeshika boriti ya mkoko, aliyeelezwa jinsi upepo wa kaskazi ulivyoleta majahazi kutoka Arabuni na kusi ulivyoyarudisha, huyo akifika mbele ya Msikiti Mkuu miaka michache baadaye ataweza kuusoma. Ataona kwamba ukuta umetokana na bahari ile ile na mikono kama ile aliyoikuta kijijini.

Pili, kwa madarasa ya juu, magofu yashike nafasi ya kwanza, ila yatazamwe pamoja na wakazi wake. Wengi husahau kwamba Kisiwani hapana magofu matupu. Pana kijiji cha watu wanaovua na kulima kando ya kuta zile zile. Anayedhani kwamba lazima achague baina ya mawe na watu, hajakitazama vema kisiwa hicho. Kundi moja lipime kuta, jingine lizungumze na wazee wa kijiji, kisha makundi yabadilishane habari.

Tatu, shule yenye uwezo wa safari moja tu ijiulize swali moja: je, twaweza kulala njiani? Kutoka Nachingwea au Ruangwa hadi Kilwa Masoko, kisha kuvuka kwa mashua, si safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja pamoja na watoto wadogo. Ikiwa malazi salama yapo, twashauri Kisiwani. Ikiwa hayapo, kijiji cha karibu na Lindi kichaguliwe bila kuona haya, na picha za Kilwa zitundikwe darasani. Safari fupi iliyofundisha ni bora kuliko safari ndefu ambayo watoto waliimaliza wakisinzia garini.

Lakini popote waendapo, mtoto wa bara hana budi kujikuta yeye mwenyewe katika habari ya pwani. Pembe za ndovu zilizopakiwa bandarini zilitoka bara, zikabebwa mabegani na watu wa bara. Kwa njia hizo hizo walipitishwa watumwa, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara hiyo, mpaka usafirishaji wa watumwa kwa bahari ulipopigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, Wamwera nao waliinuka. Habari hizi si nyepesi, wala hazifai kufichwa. Zikielezwa kwa kadiri ya umri wa mtoto, zitamwonyesha kwamba babu zake hawakuwa watazamaji wa historia.

Katika matayarisho, twapenda kukumbusha mambo machache. Mwalimu atangulie mwenyewe kwenda mahali hapo. Aonane na mwenyekiti wa kijiji. Kwa Kisiwani apate kibali mapema Kilwa Masoko. Achague majira: masika huharibu barabara, na kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka kivuko huwa kigumu. Septemba na Oktoba zafaa zaidi. Lakini fedha ya korosho huja baadaye. Hivyo mchango ukusanywe tangu msimu uliotangulia. Kwa safari ya kijijini, atazame mwezi: siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na mwamba huonekana. Katika mashua kila mtoto avae jaketi okozi, na nahodha asipakie kupita kiasi hata akibembelezwa.

Kabla ya kuondoka, kila kundi lipewe maswali matatu, yasizidi. Kwa mfano: Ukuta huu umejengwa kwa vitu gani, na vimetoka wapi? Ni kitu gani hapa kilichotoka kwetu bara? Nani alifanya kazi, na nani alipata faida? Waendapo kijijini wasiende mikono mitupu ya maarifa: wawaeleze wenyeji wao jinsi korosho inavyobanguliwa, ili mafunzo yawe ya pande mbili. Wakirudi, wachore ramani, wafinyange mfano wa kuba kwa udongo, na wawasimulie wazazi waliochanga nauli.

Na shule isiyo na nauli kabisa je? Isikate tamaa. Nachingwea yenyewe ina magofu yake. Hapa ndipo ulipofanyika mmoja wa miradi ya karanga ya Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli iliyoletwa kutoka pwani kwa ajili yake ilikwisha kung'olewa. Hapa pia wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao ya mafunzo katika miaka ya 1960, hadi karibu na uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Wazee wanaokumbuka habari hizo wangalipo, ila hawatakuwapo daima. Mwalimu aliyewafundisha watoto wake kusoma tuta la reli ya zamani na kumhoji mzee kwa adabu, amewatayarisha kwa Kilwa hata kama hawajaiona.

Twamaliza kwa kusema hivi: mwalimu atakapoulizwa katika kikao, magofu au vijiji, asikimbilie kujibu. Kwanza aulize watoto hao wanajua nini tayari, na wanatakiwa warudi na swali gani. Hapo ndipo gari liagizwe.