Mtafsiri wa filamu naye ni msanii

Kwenye vibanda vya video, kuanzia vibanda umiza vya Dar es Salaam na Mwanza hadi kumbi ndogo za Nairobi na Mombasa, jina la steringi peke yake halitoshi kumvuta mtu alipe kiingilio. Watu huuliza pia: imetafsiriwa na nani? Tanzania ilimjua Lufufu, ambaye sauti yake ilitembea na kanda za VHS kabla hata DVD hazijazagaa. Kenya inamjua DJ Afro. Uganda, kwa Kiganda, inamjua VJ Jingo. Hata hivyo, wasomi na maofisa wetu wanapozungumzia sanaa ya filamu, mtu huyu hawamtaji, au wanamtaja pale tu wanapozungumzia wizi wa kazi za watu. Nashikilia kwamba kusimulia filamu kwa Kiswahili ni sanaa kamili, yenye ufundi na ukoo wake, na kwamba kuiacha kwenye kivuli cha sheria kunaiumiza lugha yetu kuliko kunavyomlinda mwenye filamu.

Tuutazame ufundi wenyewe kwa karibu. Chukua filamu ya kung fu ya Hong Kong, yenye tukio ambalo wapenzi wa filamu hizo wanalifahamu: kijana amepiga magoti nje ya lango la mwalimu, mvua inamnyeshea, na hakuna anayesema neno. Mwandishi wa maandishi ya chini ya kioo hana la kuandika hapo. Mtafsiri ndipo anapopata uwanja. Atawaeleza watu kwamba magoti yale ni ombi la kupokewa uanafunzi, kwamba mzee aliye ndani anasikia kila kitu ila anampima, kwamba kijana ana deni la damu la baba yake. Pengine kijana ameshapewa jina la mtaani tangu dakika ya tano, na mzee anaongea kama mzee wa pwani, taratibu, kwa mafumbo. Halafu mtafsiri ananyamaza, anaiachia mvua isikike. Mapigano yakianza anaipandisha sauti ya filamu ili ngumi zilie, anaingiza maneno mawili, anatoka. Mtu mmoja mwenye maikrofoni moja amekuwa jambazi, bibi harusi, askari na msimulizi, na hakuna mtazamaji aliyechanganyikiwa. Kujua pa kusema ni nusu ya kazi hii, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kujua pa kunyamaza.

Wala sauti hii haikuanzia kwenye kanda za video. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa filamu za kufundishia Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, na sahani ikapigwa sambamba na picha. Kwa hiyo mtu wa Tanganyika alikutana mapema na filamu iliyokuwa na sauti ya pembeni, sauti inayomweleza anachokiona. Tofauti iko kwenye nafasi ya msemaji. Sauti ya Vugiri ilisimama juu ya mtazamaji ikimfundisha namna ya kulima, kuweka akiba na kujikinga na maradhi. Sauti ya kibandani imekaa naye benchi moja, inashangaa naye, inamtania, inamlaani jambazi pamoja naye. Filamu bado ni ya kigeni, lakini anayeieleza ni mwenzetu, naye haulizi ruhusa ya kuifasiri anavyoona. Kwa maoni yangu hayo ni mageuzi makubwa katika historia ya filamu upande huu wa Afrika, na yalifanywa na watu wasio na ofisi wala ruzuku.

Wajapani walipitia jambo kama hili. Enzi za filamu bubu, kila ukumbi wao ulikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, amesimama kando ya kioo akizungumza kwa niaba ya wahusika wote. Walikuwa maelfu, na wengine walipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmojawao, na Kurosawa, aliyekuja kuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa karne ya 20, hakuficha deni lake kwa kaka huyo. Filamu za sauti ziliwaondolea kazi katika miaka ya 1930, lakini Japani haikuwafuta. Mpaka leo wapo wachache wanaofanya kazi hiyo mbele ya hadhira, maarufu zaidi akiwa Midori Sawato, na watu huwaendea kama wanavyoendea muziki wa jadi. Huko msimulizi ni urithi, ilhali wa kwetu angali hai, ana kazi na ana wapenzi, na bado tunamwonea haya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtafsiri anapotosha. Anaongeza maneno, anabadili majina, anatia utani ambao mwandishi hakuuandika. Ni kweli anafanya hivyo. Lakini Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, kitabu kilichotoka mwaka 1969 kilibeba jina la Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja amekuwa mabepari wengi, na neno lenyewe limebeba siasa nzima ya zama za Azimio la Arusha. Hatujawahi kuliita hilo upotoshaji. Tunakifundisha kitabu hicho kwa fahari, kwa kuwa tunajua mfasiri mzuri husoma kazi kwa macho ya watu wake. Nakubali wapo watafsiri wavivu, wasioelewa lugha ya filamu na wanaojaza pengo kwa matusi. Dawa yao ni uhakiki. Magazeti yetu yanachambua albamu za muziki na mechi za mpira kila wiki. Yachambue na tafsiri, yaseme nani ameifungua filamu na nani ameizika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni hakimiliki. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unampa mwenye kazi haki ya pekee ya kuruhusu tafsiri. Anayesimulia filamu na kuiuza bila idhini anavunja haki hiyo, na umaskini wa wateja haubadili ukweli huo. Lakini mkataba huohuo, katika kifungu cha pili, unasema tafsiri nayo inalindwa kama kazi ya asili, bila kupunguza haki ya mwenye kazi ya kwanza. Kifungu hiki hakisemwi sana. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inamtambua mtafsiri kuwa mtunzi. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia. Kijana wa Tandale au Kayole ataiandikia kampuni ya Los Angeles barua gani, na nani atamjibu? Ofisi za hakimiliki za nchi zetu zingeweza kukaa na wasambazaji wa filamu za zamani, ambazo hazina soko lingine lolote kwa Kiswahili, wakakubaliana ada ndogo kwa kila filamu. Kuna pia filamu ambazo hazina tena mwenyewe nchini Marekani zilikotengenezwa, kama The General ya Buster Keaton ya mwaka 1926 na Night of the Living Dead ya mwaka 1968, ambayo ilipoteza ulinzi kwa sababu wasambazaji walisahau kuweka tangazo la hakimiliki. Hizo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwamba Kiswahili kinalipa, televisheni imeshathibitisha: tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, kwa makubaliano rasmi, na baada yake zimefuata za Kituruki.

Wengine wanasema mtafsiri anawanyima soko watengeneza filamu wa nyumbani. Sioni hivyo. Uganda, filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilisambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na wageni wengi waliipenda kwa sababu ya sauti hiyo. Filamu ya hapa inaweza kumwajiri msimulizi vilevile.

Leseni inaweza kusubiri mazungumzo, ila kanda haziwezi kusubiri. Tafsiri za mwanzo zilirekodiwa kwenye VHS, na utepe wa sumaku hauvumilii joto na unyevu wa pwani. Unaota ukungu, unashikana, sauti inafifia. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo hata mashine za kuzisoma zinapungua kila mwaka. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili na idara za sanaa za maonyesho. Vitume wanafunzi kwa wenye vibanda wa zamani na maduka ya kanda yaliyofungwa, wakusanye kilichobaki, wahamishie sauti kwenye kompyuta, na kwa kila kanda waandike jina la mtafsiri, mji aliorekodia na mwaka, wakati ambapo bado wapo watu wanaoweza kuyataja.