Mstaafu wa Ng'ambo Naye Aulizwe Habari za Kuamka

Ukitembea Malindi mwezi wa Januari utadhani wastaafu wa Kizungu hawajui upweke. Migahawa imejaa, na Kiitaliano kinasikika madukani kama Kigiriama. Waitaliano walianza kuizoea pwani hii miaka ya 1960, wahandisi wao walipojenga kituo cha kurushia satelaiti baharini pale Ngomeni. Baadaye wakaja watalii, kisha wale waliouza nyumba kwao wakahamia kabisa.

Rudi mwezi wa Mei. Masika imeshika, kusi inavuma, maji ya mto Sabaki yameigeuza bahari rangi ya chai ya maziwa, na hoteli nyingi zimefungwa. Wenye familia wamerudi kwao. Anayebaki ni yule asiye na wa kumrudia: mgane, aliyeachana na mkewe, mama wa miaka sabini na kitu ambaye hakuolewa. Parokia zetu za pwani humwona mtu huyu kila Jumapili, na hazimjui.

Tazama anavyoishi. Kibali cha daraja K, ambacho wengi wao hukitumia, kinamtaka mgeni awe na umri wa miaka 35 au zaidi, awe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na asifanye kazi ya malipo. Sheria haina kosa hapo. Lakini sisi wengine tunafahamiana kazini, na yeye hana kazini. Tangu asubuhi, kila anayezungumza naye ni mtu anayemlipa: mlinzi, mpishi, dereva wa tuktuk, mwuza samaki. Ni watu wema, ila mazungumzo huisha pesa zikishatoka mfukoni.

Halafu kuna lugha. Vijana wa Malindi ni hodari wa Kiitaliano, na tunajisifu kwa hilo. Nadhani hapo ndipo tunapomfungia mzee mlango. Anaweza kukaa miaka kumi bila kuhitaji neno zaidi ya “jambo” na “asante”. Salamu zetu, za kuamka, za nyumbani, za tangu juzi, huchukua dakika tano na humwambia mtu kwamba asipoonekana kesho ataulizwa. Yeye tunampa “ciao” tukapita.

Mwaka wangu wa uchungaji niliufanya katika parokia moja ya kaunti ya Kilifi. Asubuhi moja ya mvua mlinzi mmoja alikuja ofisini amelowa. “Frateri, mzee wangu hajatoka chumbani siku ya pili leo. Nikigonga anajibu, lakini simwelewi.” Ilikuwa malaria. Hospitalini karani aliuliza jina la ndugu wa karibu aandike kwenye fomu. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akamwonyesha mlinzi kwa kidole. Walikuwa wameonana getini kila siku kwa miaka sita, na mzee hakujua jina lake la pili.

Najua yupo msomaji anayesema: wazee hao tunawajua, wamefuata wasichana. Malindi imeumizwa kweli. Watoto wameharibiwa na watu wazima wenye pesa, wageni kwa wenyeji, na wa namna hiyo apelekwe polisi, asifichwe kwa jina la huruma. Lakini tukimshuku kila anayeishi peke yake, mwadilifu hujifungia ndani kwa aibu, na mwovu hupata anachokitaka, yaani nyumba isiyoingiwa na jirani. Nyumba inayotembelewa na kina mama wa jumuiya kila wiki haina mengi ya kuficha.

Mzee wetu alipopona, jumuiya ndogo ya mtaa wake ilijadili namna ya kumpokea. Mmoja akapendekeza apewe kadi ya mchango wa paa la kanisa. Mwenyekiti, mama mwuza mahamri, akakataa. “Atatoa mia mbili kama sisi. Na zamu ya kusali kwake ikifika, atatupikia chai.”

Wapo waliomwona mkosefu wa adabu. Mimi naona alikuwa sahihi, na sisi wa parokia tulikosea miaka yote tuliyomkalisha mzee yule meza ya mbele siku ya harambee, tukamshangilia, kisha tusimpigie simu hadi harambee nyingine. Mtu anayedaiwa mia mbili huandikwa kwenye daftari pamoja na wenzake, na asipofika huulizwa.

Mafrateri wenzangu, hili ni letu pia. Tunajiandaa kwa useja, na huenda baadhi yetu tukazeekea mbali na kwetu. Tunafundishwa kuhubiri. Kukaa kwa mtu bila shughuli hatufundishwi sana. Ziara zangu za kwanza kwa mzee zilikuwa za robo saa, nikitazama saa. Mlinzi, ambaye hajasoma theolojia, alikuwa ameanza kukaa naye barazani jioni wakichambua kunde.

Pale mjini kuna kikanisa kidogo cha Wareno chenye makaburi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipopita Malindi akielekea Goa mwaka 1542, mtu mmoja wa merikebu yao alifariki, wakamzika huku kwetu. Anasimulia hayo katika barua yake. Nilimhadithia mzee tulipopita hapo kwa tuktuk. Akauliza kama wageni bado huzikwa Malindi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza ni nani huja.

Sikumjibu. Nilimpelekea mwenyekiti swali hilo, naye hakusema kitu. Alhamisi iliyofuata alibadilisha zamu, jumuiya ikasali kwa mzee. Viti vilikuwa vinne tu, ikabidi mlinzi aende kuazima kwa majirani.